Kunung'unika Barazani Si Kuripoti

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wa wakaazi wa mtaa wetu hapa kisiwani Mombasa, chini ya mkungu wa bustani. Wengi mlikuwa kazini, mkaniomba niiandike yote mupate kuisoma. Nimeiandika vile nilivyosema.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Mama zangu, baba zangu, wanangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Kabla sijasema neno nawaomba mgeuke mutizame nyuma yenu. Mwaona yale mabomba mawili yaliyosimama na lile limelala juu yake? Ile ilikuwa bembea. Vijana walohamia juzi hawajui, wanafikiri ni goli la mpira. Ilikuwa bembea, na watoto wa mtaa huu wote walilelewa pale, wangu wanne wamo.

Miaka mitatu nyuma ile bembea ilikuwa yafanya kazi. Jioni moja baada ya alasiri mjukuu wa jirani yangu, kitoto cha miaka sita, alikuwa akibembea, na sisi kina mama tumekaa kwenye benchi lile twanunua mihogo ya kukaanga, twacheka zetu. Nikaskia mlio, wala haukuwa mkubwa, kama mtu kaangusha kijiko sakafuni. Nageuka, mtoto yuko chini, halii. Ile ya kutolia ndiyo ilonitia hofu. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili na mpaka leo ule mkono haunyooki sawasawa.

Mnyororo haukukatika katikati. Ulitoka pale juu, pale kulabu inaposhika bomba. Ile kulabu niliiokota na leo nimekuja nayo, hii hapa. Ipitisheni, kila mmoja aishike. Mwaona huku ni nene kama kidole changu cha mwisho? Sasa igeuzeni. Huku imesagika mpaka imekuwa kama njiti ya kiberiti. Na hapa ubavuni muna rangi ya buluu, manake kila ikikaribia Idi ilikuwa inapakwa rangi ipendeze. Sote twaishi na bahari hapa, upepo wetu una chumvi, chuma cha Mombasa kwa macho kinang'ara, ukikigonga kinamenyeka vipande kama ganda la mkate. Rangi juu, kutu chini.

Basi kesho yake asubuhi nikaenda ofisini nimejifunga buibui langu vizuri, nimepandisha hasira mpaka kichwani. Ofisi gani sitaitaja, sikuja hapa kumchongea mtu. Kijana niliyemkuta hakunijibu kwa ukali. Alifungua daftari la malalamiko akanigeuzia upande wangu, akaniambia, "Mama, nitafutie bembea."

Nikatafuta. Nilifunua kurasa nikirudi nyuma, mwezi, miezi miwili, miezi mitano, miezi minane. Kuna takataka. Kuna mbwa koko. Kuna kelele za muziki. Bembea hakuna. Hata mara moja hakuna!

Na mimi nilijua. Nyinyi mlijua. Ile bembea ililia kwiii kwiii miezi na miezi. Mama wa mihogo alijua, aliwahi kuwaambia watoto wake wasipande. Mlinzi wa usiku alijua. Kuna baba mmoja alikuwa akija anamshusha mwanawe, anamwambia panda ile nyengine, hii si nzuri. Hii si nzuri! Akashusha wake akaondoka. Kila mmoja alifikiri mwenziwe keshasema. Na barazani tulikuwa twaisema kila siku, "bustani yetu imekuwa vibaya, serikali haijali," tukinywa kahawa tamu na kashata.

Sitetei ofisi, nieleweni. Ofisi ilikuwa na wajibu wa kuja kukagua bila kuitwa na hilo silifuti. Lakini mimi nimelala na lile daftari kichwani miaka mitatu. Wallahi kuna usiku nilikuwa naamka nalifungua ndotoni. Ndio maana leo nataka tuelewane kitu kimoja tu: kunung'unika barazani si kuripoti. Kuandika kwenye grupu la WhatsApp na vikatuni vya kulia si kuripoti. Kumpigia kelele MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, akipita na gari si kuripoti. Kwa ofisi, kitu kisichoandikwa hakijavunjika.

Sasa mtaniuliza, kwani hatujawahi kuripoti na hawakuja? Tumeripoti. Na walikuja. Ngoja niwaambie kisa cha taa.

Baada ya ile ajali nilijifanya hodari wa kuripoti, nikatuma meseji: "Taa za bustani haziwaki, tafadhali tusaidieni." Nikaona nimefanya kazi kubwa. Fundi akaja kweli, na ngazi yake, saa tano asubuhi. Saa tano asubuhi taa zote zimezima, atajua ipi mbovu? Akapanda ile ya karibu na geti, akaijaribu, ikawaka, akashuka, akaandika imeshughulikiwa, akaenda zake. Usiku giza liko pale pale. Nilikasirika, nikasema hawa watu hawafanyi kazi. Mwanangu wa mwisho, alikuwa darasa la saba wakati ule, ndiye alonisuta. Aliniambia, "Mama, hata mimi ningekuwa fundi nisingejua wasema taa gani."

Tukachukua kopo la rangi nyeupe iliyobaki ya mlango wetu, tukazunguka bustani yote, tukaandika nambari kwenye nguzo. Moja mpaka kumi na nne, mpaka leo zinaonekana ijapokuwa zimefifia. Kisha nikatuma ripoti nyengine. Hii naisoma kwenye simu yangu kama ilivyo: "Nguzo nambari 9, upande wa ukuta wa skuli, taa haiwaki tangu Jumatatu usiku. Nambari 8 na nambari 10 zinawaka. Kifuniko cha chini cha nguzo hakipo, nyaya ziko nje kiasi cha goti la mtoto. Picha mbili nimetuma." Siku ya nne walikuja. Ya nne!

Kwa nini? Manake ile meseji ilimfanyia fundi nusu ya kazi. Nikimwambia 8 na 10 zinawaka, anajua tatizo ni la nguzo moja, anakuja na globu. Zikizima sita kwa mpigo ni laini au swichi, anakuja na vyombo vyengine, hataki kupanda ngazi mara sita. Na nikimwambia nyaya ziko nje kiasi cha goti la mtoto, yule anayepanga kazi anajua hii haingoji, hii inaua. Na taa inayowaka mchana nayo ni mbovu, msiipite mkasema angalau yawaka.

Kwa hiyo mukiripoti semeni kitu gani, kiko wapi kwa alama ambayo mgeni ataiona, kimeanza lini, na hatari yake ni kwa nani. Picha ziwe mbili, moja ya mbali mtu ajue ni wapi, moja ya karibu aone ubovu. Ya karibu eka kandambili kando tuone ukubwa wa lile shimo. Mimi nimeona picha za mashimo hujui ni shimo la panya au la kuzikia ng'ombe.

Na hapa kwenye taa niacheni nikae kidogo manake lina uzito kwangu. Nguzo nambari 9 ilikuwa imezima muda gani kabla hatujasema? Mimi sikumbuki. Lakini nakumbuka kilichofuata giza. Kwanza wasichana waliacha kupita pale baada ya magharibi, wakawa wazunguka barabara kubwa. Halafu kina mama wenye watoto wadogo wakaacha kukaa upande ule. Halafu wazee. Kila mmoja aliondoka kimya kimya, hakuna alopiga kelele, na walobaki ni wale wanaolipenda giza. Halafu sisi tukasema bustani imeharibika kwa sababu ya vijana wa madawa. Jamani, globu ilikufa kwanza! Sisi tuliondoka kabla wao hawajaja. Nendeni Mama Ngina siku ya Jumapili jioni muone, pale taa zinawaka na watu wamejaa ufukweni na madafu yao na achari zao, kuna nafasi gani ya mtu kujificha pale?

Na madhali nimeitaja Mama Ngina. Ile sehemu ilipokarabatiwa, Mashujaa Dei ya 2019 ilifanyiwa pale, rais akaja, Kenya nzima ikatazama. Kujenga kuna sherehe. Lakini kukaza nati ya benchi hakuna rais anayekuja, hakuna ngoma, hakuna utepe wa kukata. Hivyo utunzaji hauna msemaji isipokuwa yule anayekalia lile benchi. Hilo ni kweli kwa Mama Ngina, ni kweli kwa Uhuru Gardens kule kwenye Pembe za Ndovu, ni kweli kwa Treasury Square, na ni kweli zaidi kwa vibustani kama hiki chetu ambacho hata mtalii hajui kipo.

Haya, la pili. Mwaona tairi zile tulizozika nusu watoto wakalie? Tulifanya wenyewe, ni wazo zuri, na mimi nilichangia. Mvua ya masika ikinyesha zile tairi zajaa maji ndani. Yule mbu mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hapendi mtaro mchafu, yeye ataka maji yaliyotulia kwenye chombo. Tairi ni chombo. Kopo ni chombo. Mitungi ya maua ya saruji iliyoziba tundu la chini ni chombo. Na kutoka yai mpaka mbu anaruka ni wiki moja mpaka siku kumi hivi kwa joto letu hili. Mwaikumbuka homa ya dengi ya 2017, ya mbu huyo huyo? Mwakumbuka homa ya chikungunya iliyokuja mwishoni mwa mwaka ule mpaka 2018, watu wazima wanatembea wameinama kama wazee wa miaka tisini, mtu hawezi kufungua chupa ya maji?

Kwa hiyo ripoti ya tundu lililoziba si ya mwezi ujao. Ina siku saba. Na kwenye ripoti andikeni "mazalio ya mbu", msiandike "maji yamesimama", ili upande wa afya nao waione. Zile tairi nimewaomba vijana wazitoboe chini maji yapite. Hilo twaweza wenyewe.

Najua kuna swali hapo, vijana mumeniuliza mara nyingi: mama, kwa nini tusitengeneze kila kitu wenyewe tukamaliza? Nawapenda kwa roho hiyo. Kufagia, kumwagilia miti, kutoboa tairi, kuokota chupa, fanyeni na mimi nitakuwa nanyi. Waya, msiguse. Mti mkubwa, msipande na panga. Bembea, msiifunge kwa kamba ya nailoni, manake ikikatika mtoto mwengine ataanguka na safari hii ni sisi. Halafu kuna jambo jengine. Mukitengeneza kimya kimya, kule ofisini hiyo bustani inaonekana nzima, haijawahi kuharibika, basi mwakani itatengewa pesa ya nini? Hata mkitengeneza, andikeni kwamba kiliharibika.

Sasa mti. Wale wa upande wa kona mwaujua ule mwembe uliokuwa pale, sasa pamebaki kisiki. Mwaka juzi tawi moja kubwa lilikuwa halina jani hata moja na matawi mengine yote yamebeba. Nikaona, nikaripoti vizuri, picha mbili, kandambili na kila kitu. Nikaambiwa lile tawi limelalia waya wa umeme, nendeni kwa watu wa umeme. Watu wa umeme wakasema mti uko ndani ya bustani, rudini kwa wenye bustani. Kurudi, tukaambiwa shina liko kwenye mpaka wa barabara. Wiki sita twazungushwa kama tiara. Mwezi wa tano ukaingia na mvua zake, usiku mmoja saa tisa nikaskia kama nyumba imeanguka. Lile tawi lilikuwa limelala juu ya mabenchi mawili, yamepondeka kama makopo. Saa tisa usiku, alhamdulillah. Ingekuwa saa kumi na moja jioni tungekuwa twazungumza mengine hapa.

Nilijifunza nini? Kwanza, wenye jukumu wanajulikana, usikubali kuzungushwa. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imeandika wazi kwamba bustani, fukwe na sehemu za burudani za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kaunti, siku zote. Pili, tukiona jambo lina wenyewe wawili, barua iwe moja, iende kwa wote siku moja, na kila mmoja aone jina la mwenziwe pale chini. Mtu akijua mwenziwe anayo karatasi hiyo hiyo hawezi kusema hakuambiwa. Ule mwembe ulobaki tuliuandikia barua ya namna hiyo na walikuja wote, wa waya wakazima umeme, wa miti wakakata. Asubuhi moja.

Na jueni dalili za mti mgonjwa, msingoje uanguke. Uyoga ukiota shinani au kwenye mizizi, ndani kunaoza. Udongo ukipasuka upande mmoja wa mti na mti umeinama upande wa pili, mizizi inang'oka. Tawi kubwa limekauka na mengine mabichi. Shina ukiligonga linalia kama ngoma. Hata huu mkungu tulokaa chini yake, nimeuzunguka kabla hamjafika, uko salama, kaeni.

Sasa nataka kuwaonyesha mtu. Mzee wetu pale mbele, baba yetu, samahani nakusimamisha bila ruhusa yako. Mzee huyu alikuwa karani wa mizigo bandarini miaka mingi, aliniambia yeye hakuwahi kuona gunia linatoka getini bila karatasi. Alipoona nahangaika na meseji za simu zinapotea, alikwenda dukani akanunua daftari hili la kurasa mia mbili, akalipiga mistari kwa rula. Tarehe. Kitu. Mahali. Aliyeripoti. Aliyepokea. Nambari ya ripoti. Walijibu nini. Siku kilipotengenezwa. Tulijifunza tangu skuli kwamba mali bila daftari huisha bila habari, mimi nilidhani ni mambo ya duka na biashara, kumbe bustani nayo ni mali.

Mwajua lile daftari lilituonyesha nini? Bomba la maji la pale karibu na choo. Kila likivuja twaripoti, fundi anakuja, anabadilisha washa, kile kipete cha mpira cha ndani, anaenda. Sisi twafurahi. Mzee siku moja akafunua kurasa akaniita, "Hebu njoo uone mamangu." Bomba lile lile, mara nne ndani ya mwaka. Mara nne! Fundi hakuwa mbaya, bomba lenyewe ndilo limekwisha, na kila fundi aliyekuja alikuwa mwengine, hakujua wenzake walishakuja. Hakuna kichwa cha mtu kilichokuwa na habari ile, ilikuwa kwenye daftari peke yake. Basi tuliacha kuomba fundi, tukaomba bomba jipya.

Na hilo la kuomba kitu kipya lina wakati wake. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Lakini makadirio ya bajeti ya kaunti yatakiwa yawe yameshafika kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo kuna karatasi ya mkakati wa fedha inayotakiwa kufikishwa kufikia tarehe 28 Februari. Kwa hiyo mtu anayekuja kulia bembea mwezi wa sita amekuja sufuria lishaepuliwa. Yale matangazo ya vikao vya wananchi mnayoyaona gazetini na msikitini na kwenye ofisi ya chifu, ndiyo ya wakati huo. Mwaenda? Inueni mikono wale walioenda mwaka huu. Naona mikono mitatu. Mwakani nataka nione thelathini, na tukienda hatuendi na mdomo, twaenda na daftari la mzee. Ukisimama ukasema "bustani yetu mbovu" utapigiwa makofi, ukae. Ukisimama ukasoma tarehe nne za bomba moja, watu wanaanza kuandika.

Kuna miji ya wenzetu imelifanya hili kazi ya kila siku. Baltimore kule Marekani tangu 1996 wana nambari moja ya simu, 311, kwa mambo ya mji yasiyo ya dharura, na New York wakafuata 2003. Uingereza tangu 2007 kuna tovuti, mtu anaeka alama kwenye ramani, na ile ripoti inaonekana na kila mtu, jirani akija kuripoti shimo lile lile anaona keshasemewa. Mimi nilipolisoma hilo la kuonekana na kila mtu ndilo lilonigusa. Kumbukeni bembea: kila mmoja alidhani mwenziwe kesema. Kama kungekuwa na mahali pa kuangalia, tungejua hakuna alosema. Basi sisi ramani yetu ni ile karatasi ya manila kwenye ukuta wa duka la kona. Kitu kimeripotiwa, chora duara jekundu. Kimetengenezwa, paka kijani. Unapita kununua maziwa unaona.

La mwisho na nitawaachia. Kuna wanaoogopa. Mama mmoja aliniambia, "Mimi sitaki kuonekana mchochezi." Kijana mmoja alikuwa apiga picha mfereji uloibwa kifuniko chake cha chuma, akaulizwa na askari atumwa na nani, akafuta picha akarudi nyumbani. Namuelewa. Ushauri wangu ni nendeni wawili, piga picha ya kitu usipige ya watu, na ukiulizwa jibu kwa adabu kwamba wewe ni mkaazi. Manake haki unayo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, kila mtu, hakikusema kila mtu anayejulikana. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inasema mwananchi anaweza kuiandikia serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya jukumu lake. Kuandika si uchochezi.

Mwalijua jina la Wangari Maathai, lakini vijana wengi hamujui alianzaje lile la Uhuru Park. Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya bustani ile ya Nairobi. Sitini! Yule mama hakuanza na maandamano, alianza na barua. Aliandikia gazeti, aliandikia ofisi ya rais, aliandikia wakuu wa mji, aliandikia mpaka ubalozi wa Uingereza. Alitukanwa, alitukanwa mpaka bungeni. Akaendelea kuandika. Jumba lile halikujengwa, na Uhuru Park ipo mpaka leo. Mwaka wa 2004 dunia ikampa Nobel ya amani.

Nawaambia hili kwa sababu bustani iliyoachwa ikaoza haiozi bure. Kuna macho yanaiangalia. Taa zinazima, mabenchi yanavunjika, watu hawaendi tena, halafu siku moja mwaona kibanda kimoja kwenye kona, halafu mabati yamezunguka, halafu kuna mtu ana karatasi. Na mkienda kulia mtaulizwa, hii ilikuwa bustani? Nani alikuwa aitumia? Siku hiyo daftari la mzee litakuwa shahidi: tarehe kwa tarehe, taa kwa taa, watu wa mtaa huu walikuwa hapa, waliitumia, waliijali.

Na wakitengeneza, jamani, shukuruni. Piga picha ya kitu kikiwa kizima, mtumie yule yule ulomtumia kibovu, mtaje fundi kwa mkubwa wake. Yule fundi wa nguzo nambari 9 nilimuandikia mkubwa wake mistari miwili tu. Tangu siku ile akipita na gari lao anapunguza mwendo anatizama nguzo zetu bila kuitwa. Na kama wametengeneza vibaya, semeni siku hiyo hiyo, kwa maandishi, kwa adabu.

Bembea tumeiandikia. Imo kwenye daftari ukurasa wa kwanza kabisa, mstari wa kwanza, mzee aliniuliza nataka kuanza na nini. Wamejibu kwamba imo kwenye orodha ya ununuzi. Nimewajibu kwamba tunaomba minyororo ya kupaka zinki na kulabu zinazobadilishika, kwa sababu ya chumvi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nauliza imefika wapi, na mzee anaandika tarehe.

Sasa alasiri imekwisha, jua limepoa. Nguzo zetu zina nambari lakini mabenchi hayana, mapipa hayana, mabomba hayana, miti haina. Mimi nimekuja na kopo la rangi nyeupe na brashi tatu, wanangu mwenye mkono mzuri wa kuandika aje mbele. Twaanza na benchi lile la mihogo. Hilo ni nambari moja.